Idi na Mwenzake

Mwanangu Mwavita,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, naisikia kupitia ukuta huu: unapiga pasi na kuimba, na mama yako anakugombeza usije ukamwaga majivu kwenye nguo nyeupe. Hali yangu mimi si njema. Tangu adhuhuri nimekaa mbele ya cherehani nikijifanya nashona, kumbe naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Gauni lako la kitenge nimelifumua pindo mara tatu na kulishona mara tatu. Mara ya mwisho mama yako alisimama mlangoni akaniangalia weee, kisha akasema, "Baba Mwavita, hilo pindo limekukosea nini?" Nikamwambia limekwenda upande. Halikuwa na kasoro yoyote.

Kesho unapanda treni. Habari za kufunga mizigo, za kutokula vya watu usiowajua, za kuchagua marafiki, sitakuandikia. Mama yako amekwisha kukuimbia hayo tangu juzi, na wewe umeitikia "ndiyo mama" mpaka umechoka. Mimi nina jambo moja tu. Linamhusu shangazi yako Feza, ambaye unategemea kumkuta stesheni ya Tabora akikusubiri, na kukaa kwake mwaka mzima wa mafunzo yako ya ukarani. Mimi baba yako sina hakika kama utamkuta. Nakuomba usiruke dirishani kwanza. Soma mpaka mwisho, nitakueleza kila kitu, ila lazima nianzie nyuma, kwenye ile santuri yako.

Unakumbuka siku ulipokuja nayo? Ulitoka mjini mbio umeikumbatia kifuani, hata shikamoo uliisahau, ukasema, "Baba, fumba macho!" Nikafumba. Nilipofumbua nikajiona mwenyewe kwenye jalada, kijana mwembamba na gitaa, amesimama mbele, na nyuma ya bega lake msichana amevaa kanga ya mauamaua. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: Nyimbo Zilizopendwa za Idi na Mwenzake. Ukacheka, "Baba, mbona ulikuwa na nywele!" Kisha ukaacha kucheka ukauliza, "Na huyu Mwenzake si ndiye shangazi? Mbona hawakumwandika jina?"

Nikakujibu kwamba watu wa mjini hao, hawajui kuandika mambo ya watu. Huo ulikuwa uongo, mwanangu. Uhesabu kuwa wa kwanza.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kiza, akaja na gramafoni yake ya betri, akaja nayo yeye mwenyewe kwa sababu ile sindano haruhusu mkono wa mtu mwingine uiguse. Betri zilikuwa zimechoka. Wimbo wa kwanza tukaimba mle ndani ya santuri kwa uzito utadhani tumeamshwa usingizini, na mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Balozi akazitoa betri, akazianika juani juu ya bati, tukanywa chai tukizisubiri. Zikapata nguvu kidogo. Ndipo tukasikia vizuri.

Sasa hapo ndipo uliposema lile neno. Wimbo wa tatu ulikuwa umekwisha, ukaniangalia, ukasema kwa upole kabisa, "Baba, usikasirike. Shangazi ndiye anayeimba. Wewe unamsindikiza." Mzee Kiza akainua mikono, "Mtoto kasema, mimi simo!" Nami nikasimama nikatoka, nikaenda zangu Katonga kuangalia mitumbwi ambayo sina haja nayo, na siku tatu sikusema na wewe. Ulidhani nimekasirika kwa kukosewa adabu. Ukaja siku ya nne na maji ya kuoga, ukaniomba radhi. Nikaipokea radhi yako. Nilipaswa kukurudishia pale pale, kwa sababu ulikuwa umesema kweli tupu na mimi nilikuwa nimeijua kweli hiyo tangu kabla hujazaliwa.

Baada ya hapo nilianza kwenda kwa balozi kila alasiri, nikikuambia nakwenda kwenye mkutano wa nyumba kumi. Mikutano gani kila siku! Tulikuwa tunaanika betri, tunasikiliza nyimbo kumi na mbili, tunaanika tena. Mwanzoni nilijitafuta mimi mwenyewe. Nilijisikiliza jinsi ninavyoanza, ninavyovuta, nikajisemea, kijana alikuwa hodari huyu. Siku ya tatu au ya nne nikachoka na sauti yangu, nikaanza kuifuata ile ya Feza. Loo! Mwavita, yule mtoto wa kike alikuwa anafanya kazi mle ndani ambayo mimi sikuwahi kuiona, na nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Mimi nikichelewa ananingojea. Mimi nikipandisha kupita kiasi yeye anashuka chini anafunika aibu yangu. Mahali ninapopumua yeye anajaza, na ukisikiliza kijuujuu unadhani ni mtu mmoja ana pumzi ndefu.

Na nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri. Nalisema hili na nywele hizi chache za mvi, kwa sababu nimezidharau miaka yote hii kuliko mtu yeyote. Hatukuwa na ngoma kubwa wala tarumbeta. Gitaa moja na midomo miwili. Wakati ule nchi imepata Uhuru, kila bendi inataka kupiga kwa kishindo, na nyimbo za maana zilikuwa za jembe na za kujenga taifa. Sisi tulikuwa na wimbo wa mwanamke ambaye chungu chake kinavuja na wageni wamekwisha fika mlangoni, naye anaendelea kutia maji. Basi. Hakuna zaidi. Walituita wale wa kubembeleza. Mkutanoni Mwanga kijana mmoja wa Chama alisimama akasema, "Ndugu, taifa linajengwa, ninyi mnatuimbia chungu kinavuja?" Watu wakaangua kicheko, na mimi niliyeimba nikacheka pamoja nao. Feza hakucheka. Wimbo ule aliutunga yeye. Karibu nyimbo zote alizitunga yeye, na hilo nalo sikuwahi kukuambia.

Juzi Mzee Kiza alifungua dirisha lake wimbo huo ukiendelea. Pakapita mama mmoja wa Mwandiga na kapu la mihogo kichwani, akasimama njiani na mzigo wake, hakuutua, hakuondoka. Ulipokwisha akatuamkia kwa Kiha, "Mwakeye bazee, mrudie tena." Tukarudia. Shingo yake ilikuwa inatetemeka kwa uzito na bado anasikiliza. Nikajiuliza, kama hizi ni nyimbo za kipuuzi, huyu anangoja nini hapa?

Nikueleze tulivyoanza, maana hapo ndipo penye kosa langu la asili. Bibi yako alikuwa anakamua mawese, na kazi ya kutwanga chikichi zilizochemshwa tuliachiwa sisi wawili, Feza na mimi. Kinu kimoja, michi miwili. Huyu akishusha yule anainua. Wavulana wenzangu walinicheka kwamba natwanga kama mwanamke, lakini nyumba yetu haikuwa na binti wa pili, na babu yako aliyevuka ziwa kutoka Kongo alikuwa amekwisha kufa. Tukaanza kuimba ili michi isigongane. Ukigonganisha michi, mkono unakufa ganzi hadi begani, na bibi yako anakuongezea kofi juu yake. Mimi nilikuwa napiga kwanza, kwa nguvu, nikijiona ndiye ninayeongoza. Siku moja bibi yako akaniambia, "Idi, wewe unapiga tu. Anayeshika mwendo ni yule wa pili." Nikanuna. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne, na nilinuna namna ile ile niliyonuna uliponiambia wewe.

Miaka ikapita, tukapata gitaa, tukaanza kualikwa kwenye harusi za Ujiji na Bangwe. Kisha ikaja gari ya watu wa kunasa nyimbo. Walitundika mablanketi kwenye darasa la shule, wakaweka kipaza sauti kimoja, tukaimba siku mbili, jasho linatutoka. Mwishoni bwana mmoja akatoa karatasi akauliza, "Majina?" Mimi nilikuwa karibu. Nikasema, "Idi." Akauliza, "Na huyu?" Feza alikuwa nyuma yangu, anakunywa maji kwenye kata. Sijui kilichonipata. Nikasema, "Huyo ni mwenzangu, andika tu mwenzake." Yule bwana akaandika. Feza akashusha kata, akanitazama. Santuri zilipokuja zimeandikwa Idi na Mwenzake, na jina hilo halijatoka mpaka leo, limefika hata kwenye jalada lako. Watu wa mjini waliandika walichoambiwa.

Hilo lingekuwa kosa la kitoto, angeweza kunisamehe. Ngoja ufike kwenye lenyewe.

Nyimbo zikaanza kusikika redioni. Nilikuwa nakwenda makusudi kwenye maduka yenye redio, nakaa pembeni nisikie watu wanasemaje. Nao walisema, "Ile sauti ya msichana, jamani, ile sauti!" Duka la kwanza, la pili, la tatu, ni ile sauti tu. Nilikuwa narudi nyumbani namwambia Feza watu wametusifu. Sikumwambia wamemsifu nani. Wivu, mwanangu, ndugu wa tumbo moja, nakula naye sahani moja. Usidhani wivu hauingii nyumba ya watu wanaopendana.

Basi ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Bendi kubwa ilikuwa inataka waimbaji wapya, na ilitutaka sisi, wote wawili, imeandika kabisa "wewe na dada yako". Iliingia mikononi mwangu. Nilikaa nayo wiki nzima ndani ya mfuko wa koti. Kisha nikajibu. Nikaandika kwamba mimi niko tayari, lakini dada yangu ameposwa na karibu ataolewa, kwa hiyo hataweza kuja.

Hakuna aliyekuwa amemposa. Sikumwuliza. Nyumbani nikasema bendi imeniita mimi peke yangu, wakanichinjia jogoo, na Feza ndiye aliyemnyonyoa yule jogoo. Akanishonea na kifungo kilichokatika kwenye shati. Nikapanda treni hii hii utakayopanda kesho, naye akanipungia mkono.

Dar es Salaam sikukaa hata mwaka. Wiki ya kwanza kiongozi wa bendi akaniuliza, "Mwenzako ameolewa wapi?" Nikasema mbali. Tukazijaribu nyimbo zetu na tarumbeta zao. Zikakataa. Nikiimba peke yangu nilikuwa nachelewa, na hakuna wa kuningojea. Wakanirudisha nyuma niwe mwitikiaji, baadaye nyuma zaidi, nikawa nabeba vyombo. Nikaona aibu, nikarudi Ujiji. Nikamkuta bibi yako amekaa na kinu chake, peke yake, mchi mmoja.

"Feza yuko wapi?"

"Ameolewa. Tabora. Mfanyakazi wa reli."

Kumbe nilipokuwa njiani kwenda, bendi ilikuwa imeandika barua nyingine ya kushukuru, imeandikwa majina yetu sote wawili, hivyo Feza akaifungua. Ilikuwa inampongeza kwa ndoa yake na kusikitika kwamba hataweza kuimba. Bibi yako alinieleza kwamba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kumalizia chikichi zilizokuwa kinuni. Mwezi wa pili baada ya hapo, yule kijana wa reli alipoleta posa, Feza akasema ndiyo siku hiyo hiyo. Na aliniachia salamu: "Mwambieni kaka, ile harusi aliyoitangaza imepata bwana harusi."

Mwavita, maneno hayo yamekaa hapa kifuani mwangu umri wako wote na zaidi. Gitaa nikalitoa kwa mtu. Nikaingia kwaya ya Chama, nikaimba nyimbo za jembe kwa kishindo mpaka wakanipa kofia. Ukiimba katika watu arobaini hakuna anayekusikia, na mimi ndicho nilichokuwa nataka.

Feza alirudi mara moja tu, bibi yako alipofariki. Alinisalimia, "Shikamoo kaka," akakaa na wanawake siku tatu za matanga, akaondoka. Wewe ulikuwa mdogo, una homa, umelia siku nzima. Akakubeba mgongoni akakuimbia kile chungu kinachovuja, chini chini, ukalala. Mimi nilikuwa nyuma ya uzio wa matete, nasikia. Nilitaka kuingia kwa sauti yangu kama zamani. Mdomo ulikataa kufunguka. Ndiyo maana uliposikia wimbo ule kwenye gramafoni ya balozi ukasema, "Huu naujua," ukashangaa umeujulia wapi.

Na usidhani nilijifunza. Yule mwalimu wako aliyekuja tulipokuwa tunakula, akitaka uende Kasulu na kikundi cha shule kuimba, nilimwambia nini? "Binti hataki." Ulikuwa nyuma ya mlango. Nilikuona vidole vya miguu chini ya pazia. Hukutoka kusema unataka, kwa heshima yako, na mimi nikaendelea kumega ugali wangu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Niliogopa. Nikikusikia unaimba naona nitakuharibia kitu, kwa hiyo nikakuharibia kabla hakijaanza.

Sasa nimefika. Nivumilie.

Ulipopata nafasi ya Tabora tukasema utakaa kwa shangazi, maana mafunzo hayana bweni. Nikamwandikia Feza. Ile barua naikumbuka neno kwa neno na inanitia haya: "Binti yangu anakuja kusoma, mpokee stesheni." Hata "tafadhali" haimo. Miaka yote hiyo, halafu namtumia amri. Hakujibu. Nikaandika ya pili, nikampa gadi wa treni ampelekee mkononi. Gadi akarudi, nikamfuata stesheni, nikamwuliza kasemaje. Akaniambia, "Aliisoma amesimama mlangoni. Akaikunja. Akaniuliza, kaka hajambo? Nikamwambia hajambo. Akasema, haya, safari njema. Basi, nikaondoka." Nikamwuliza, alikuwa amekasirika? Akasema, "Bwana Idi, mimi ni gadi wa treni."

Nikarudi nyumbani nimeinama. Mama yako alikuwa anakaanga samaki, migebuka, hata hakugeuka, akauliza, "Wifi amesemaje?" Na wewe ulikuwa pale umekaa unachambua mchele, ukainua uso. Uso ule! Nikasema, "Amesema uje. Atakupokea stesheni. Amefurahi sana."

Yalitoka yenyewe. Hata mimi niliyasikia kama yanasemwa na mtu mwingine. Wewe ukaruka ukamwaga mchele, mama yako akapiga kigelegele, na tangu siku ile kila siku mmeongeza kitu kwenye mzigo wa shangazi: kopo la mawese, dagaa wa Katonga, migebuka ya kukausha, kitambaa ulichodarizi jina lake. Na santuri umeifunga katika kanga mpya umpelekee zawadi. Kila mnachoongeza mimi nakihesabu. Wiki tatu sijalala vizuri. Nimejaribu kusema mara ngapi sijui. Jana nilikuita ukaja, ukasema, "Abee baba," nikakuuliza kama umeona mkasi, na mkasi nilikuwa nimeushika.

Feza hakusema uje. Hakusema usije vilevile. Sijui anachosema, kwa sababu kwa mara nyingine nimemjibia. Zamani nilimjibia kwa watu wa bendi, safari hii nimemjibia kwenu, na wewe ndiye utakayesimama kwenye stesheni ya watu na makopo ya mawese miguuni, ukiangalia huku na huku. Hiyo ndiyo picha inayonijia nikifumba macho. Treni imeondoka, watu wametawanyika, na wewe bado unasema moyoni baba amesema atakuja.

Naogopa, mwanangu. Naogopa asiwepo. Naogopa awepo, akuulize baba yako amekuambia nini juu yake, na wewe huna la kusema. Naogopa pia utanidharau ukimaliza ukurasa huu, na hilo nimeliogopa kuliko yote, ndiyo maana nimechelewa hivi. Lakini ukinidharau ukiwa hapa nyumbani, ni heri kuliko kujua ukiwa kule.

Kuna kitu kimoja nilikifanya asubuhi ulipokwenda kusukwa. Nilifungua ile kanga nikaitoa santuri. Nilichukua kalamu nikataka kufuta lile neno Mwenzake, niandike Feza. Nikaweka ncha ya kalamu kwenye jalada kabisa. Halafu nikaacha. Nikajisemea, Idi, unaanza tena. Labda anataka liandikwe jina lake, labda anataka aitwe kwa jina la mumewe, labda hataki kabisa kuonekana karibu na langu. Ataulizwa yeye. Nikaifunga kanga kama ulivyoifunga, ingawa fundo lako sikuliweza vizuri, utaona limelegea.

Barua hii nilikusudia kukupa kesho, kupitia dirisha la treni, wakati magurudumu yameanza kuzunguka. Niliona ni mpango mzuri: usome ukiwa mbali, mimi nikiwa nimekwisha geuka narudi nyumbani. Nimeandika nusu nzima nikiwa na nia hiyo. Kisha nikakusikia kupitia ukuta unamwambia mama yako, "Nikifika nitamwomba shangazi anifundishe ule wa chungu." Nikaona kwamba ningekuwa nimekuamulia na wewe pia: ungefika Tabora bila kuulizwa kama unataka kwenda namna hiyo.

Kwa hiyo naiweka sasa hivi juu ya gauni lako, jua bado lipo. Nitatoka nikae barazani, sitakwenda Katonga. Soma. Lia ukitaka, kasirika ukitaka, nipigie kelele hata mtaa usikie, Mzee Kiza naye asikie. Ukitaka tupande treni wote, nitapanda, nitatangulia mimi kwenye mlango wa Feza nibishe hodi, na neno la kwanza litakuwa la kuomba msamaha, na kama ni kufukuzwa nitafukuzwa mimi kwanza. Ukitaka kwenda peke yako umbishie hodi wewe, ukiwa unajua unachokiendea, sawa. Ukitaka kuahirisha mpaka yeye mwenyewe ajibu, nitakwenda kuzungumza na watu wa mafunzo, hata nipige magoti. Na kama una njia ya nne ambayo mimi sikuifikiria, ndiyo hasa nitakayopenda kuisikia.

Najua mama yako atatoka kabla yako. Atasimama pale mlangoni na kile kijiko chake mkononi, ataniuliza, "Mwavita amesemaje?"

Nitamwambia, muulize mwenyewe.

Baba yako,
Idi